Kumpeleka Saidi Waya Nakuru

Tangu turudi, kila ninayekutana naye Kuze au Kibokoni huniuliza, "Ilikuwaje huko?" nami hujibu, "Tulifika salama, tukarudi salama." Najua jibu hilo halijamtosheleza mtu. Jirani abishaye hodi na sahani ya kaimati, akaketi mpaka chai ikapoa, hakuja kusikia neno salama. Basi nimeona niandike mara moja, nisihadithie mlango kwa mlango, maana kuna pahala katika habari hii sauti hunikatika.

Wengi wenu mwamjua babangu, Saidi bin Omari, ambaye mji mzima wa Mombasa humwita Saidi Waya. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, na banda lake lilikuwa Mwembe Tayari, nyuma ya mabasi ya bara. Mimi ni mwanawe wa pekee, Swafiya, mwalimu wa chekechea. Mamangu, Zainabu, alifia Nakuru kabla sijajua kutembea, wakati baba akifanya kazi katika gereji moja ya huko. Alimzika huko huko, akanifunga kwa leso kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, ile Pijo muijuayo, akanileta Kibokoni kulelewa na dadake, shangazi yangu Rehema. Hakurudi tena Nakuru, wala hakuoa tena. Hata hivyo hakutaka niwe mbali naye mchana kutwa, alikuwa akinichukua bandani. Nilikua nikimshikia taa huku yeye amelala chini ya dashibodi za watu.

Miaka hii ya karibuni akili yake imekuwa ikimtoka kidogo kidogo. Wengine hupotewa na majina ya watu. Yeye alipotewa na kifo cha mkewe. Kila baada ya swala ya alasiri alivaa kanzu safi, akatia shati na mswaki kikapuni, akaketi barazani kungoja gari. "Zainabu yuwaningoja Nakuru," akisema. "Nilimwambia nitamfuata." Sisi tulikuwa tukimwambia, "Kesho, inshallah." Kesho zikawa nyingi. Mimi nikaanza kufikiri kwamba akilisimamia kaburi kwa miguu yake, huenda moyo wake ukatua. Na sitawaficha, hata mimi sikuwahi kuliona kaburi la mamangu.

Shangazi Rehema hakutaka. "Mtu aliyesahau msiba wake," aliniambia, "wamkumbusha wa nini?"

Shule zilipofungwa, tukaondoka.

Kibokoni mpaka Makupa

Mmeniuliza kwa nini sikupanda basi wala treni. Tulijaribu. Alishika mlango wa basi kwa mikono miwili akakataa kupanda, akasema wale ni watu asiowajua wanamchukua asikokujua. Ndani ya Pijo hutulia. Huweka mkono juu ya dashibodi, akanyamaza, akatazama njia.

Gari haliingii vichochoro vyetu, hulala katika uwanja karibu na bandari ya kale. Shangazi alitufuata mpaka pale na kikapu cha chakula: mikate ya mofa, samaki wa kukaanga, achari ya ndimu na chupa ya chai. Alimfunga baba kifungo cha shingoni, kisha akaniambia, "Asikae na njaa. Akiwa na njaa huogopa."

Ulikuwa msimu wa masika, kwa hiyo kabla ya kuondoka nilizijaribu waipa. Kioo kilikuwa kikavu. Zilikwenda mara mbili tatu kwa mkwaruzo, nikazizima nikaridhika.

Mwembe Tayari nilisimama kununua maji na ndizi. Dereva mmoja wa zamani alimwona baba, akaja mbio mpaka dirishani.

"Saidi Waya! Hunijui? Mimi Kassim. Basi langu lilizima taa mkesha wa Idi, ukaliponya wewe."

Baba alimpokea mkono kwa mikono yake miwili, akamwuliza hali, akamwuliza mke, akamwuliza watoto, kila neno mahali pake. Kassim akanitazama kwa furaha. "Watu wasema mzee amesahau? Huyu hajasahau kitu."

Tulipoingia njia ya Makupa baba akaniuliza taratibu, "Nani yule?"

Adabu ilikuwa imebaki yote. Watu ndio walioondoka.

Mariakani mpaka Voi

Mvua ilitukuta baada ya Mariakani. Haikuanza kwa manyunyu, ilishuka yote mara moja, na malori yakawa vivuli tu. Nikawasha waipa. Zilifuta vizuri kwa muda wa kuvuka kilima kimoja, kisha zikaanza kuchelewa, kisha zikasimama katikati ya kioo.

Niliteremsha gari kando ya barabara. Nilizima swichi, nikawasha, nikagonga dashibodi kwa kiganja. Hakuna.

"Washa waipa," akasema baba.

"Zimekataa, baba."

"Mvua hii. Washa waipa."

Alisema hivyo mpaka mvua ilipopungua, na kila mara alisema kama ndiyo kwanza ameona. Mara ya mwisho nilimjibu kwa ukali. Akaondoa mkono wake kwenye dashibodi akauweka pajani, na maneno yakanirudi mwenyewe.

Voi palikuwa na fundi chini ya banda la mabati. Akatoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, akasema imechoka, akatia nyingine. Waipa zikaenda. Yeye akacheka, mimi nikacheka, baba naye akacheka kwa kuwa tulicheka. Kumbe kilichozifanya ziende ni nyaya kutikiswa. Kabla hata hatujatoka mjini zilikuwa zimesimama tena.

Pale pale Voi, kwenye uwanja wa malori, nikakutana na shida ambayo sikuifikiria nyumbani. Baba alitaka kwenda haja. Kibokoni mtoto wa jirani yeyote humsindikiza. Hapa nilikuwa mwanamke peke yangu na mzee asiyeweza kuachwa, na choo cha wanaume ng'ambo ya uwanja. Kulikuwa na dereva wa lori anakula chungwa karibu na gari lake, Mtaita mmoja mnene aitwaye Mwakio. Nilimwendea, nikamsalimu, nikamweleza. Alijipangusa mikono, akamshika baba mkono kama mtu amsindikizaye mgeni wake.

Waliporudi aliniambia, "Njia nzima ananiita Omari. Omari ni nani?"

"Ni marehemu babake."

"Basi leo nimekuwa mkubwa," akasema Mwakio. Hakuwa akifanya mzaha mbaya. Akaangalia kioo changu, akaniuliza habari, nami nikamweleza. Akapanda kwenye lori lake akashuka na kiazi kibichi. Alikikata kwa kisu, akakisugua kioo chote kwa ile nyama yake nyeupe mpaka kikawa na ukungu. "Maji yatateleza badala ya kukaa," alisema. "Lakini usikimbie. Na ukiona huoni, simama, mama. Usione haya."

Nilifuata maneno yake. Mpaka Mtito Andei tulinyeshewa mara mbili, na mara zote mbili kiazi kilinionyesha njia, ingawa kila kitu kilionekana kama nyuma ya pazia.

Mtito Andei

Tulilala pale. Hotelini mhudumu alituambia, "Kuna ugali, na mboga ni nyama." Baba akamwangalia, akanigeukia. "Nyama imekuwa mboga?" Nikamweleza kwamba bara kila kitoweo huitwa mboga. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akarudia, "Mboga ni nyama," akacheka tena. Sijui mara ya mwisho nilimwona lini akicheka hivyo. Hatukuila ile nyama, kwa sababu mhudumu hakuweza kutuambia ilichinjwa na nani. Tulikula mofa ya shangazi na samaki, tukaagiza chai yao yenye maziwa mengi.

Kabla ya magharibi nilikuwa nimemleta hotelini fundi mwingine, Mkamba wa makamo jina lake Mutua, mtu mpole asiyepandisha sauti. Huyu alifanya kazi kwa mpangilio. Alichomeka testa yake, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, kwenye waya uendao kwenye mota ya waipa. Kitaa kikawaka.

"Mama, umeme unafika," akasema. "Waya hauna makosa. Mota ndiyo imekufa."

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Nani amekufa?"

"Mota, mzee," Mutua akasema. "Mota imekufa."

"Amekufa nani?"

"Hakuna, baba. Ni kifaa cha gari."

Lakini neno lilikwisha mwingia. Aliingia chumbani akaketi kitandani, kisha akasimama, akatoka, akarudi. "Mwanificha. Nani amekufa?" Aliniuliza mimi, akamwuliza mhudumu, akamwuliza mwanamke aliyekuwa akifagia ukumbi. Mutua alijutia neno lake. Aliacha vyombo vyake, akaja kuketi naye nje ya chumba, akamsikiliza akieleza habari za magari ya zamani ambayo Mutua hakuwahi kuyaona, mpaka baba akasahau kwamba alikuwa akiuliza. Mimi nilikuwa nimekaa ndani nyuma ya mlango. Nilijiuliza: kama neno moja lisilomhusu limemtikisa hivi, kesho kutwa nitamwambia nini mbele ya kaburi?

Asubuhi nilipokuwa nikifunga mizigo, baba alitoka peke yake. Nilimkuta ameinama chini ya dashibodi na koleo ya Mutua mkononi. Kwa dakika moja nilifurahi. Nilimwona kama alivyokuwa bandani, kichwa ndani, miguu nje, anaguna kwa mawazo. Kisha nikasikia koleo ikikata.

"Huu hauna kazi hapa," akasema, akanionyesha kipande cha waya.

Ulikuwa waya wa taa. Alikuwa ameukata waya mzima katikati, na pembeni yake mwingine.

Mutua aliporudi kuchukua vyombo vyake, alizifunga tena nyaya zote mbili. Alipomaliza alimwambia baba, "Asante, mzee, umenionyesha pa kuanzia." Baba akamkubalia kwa kichwa, kama fundi mkuu anavyomkubalia msaidizi wake. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikapanga kikapu ambacho tayari kilikuwa kimepangwa.

Mota sikuibadilisha. Mutua mwenyewe alisema hapo hapana mota ya gari la umri ule, na akaniongezea kiazi kingine cha safari.

Kabla ya Naivasha

Nairobi tuliipita pembeni, na siku ile hakuna la kuwasimulia ila foleni. Mvua ilitukamata tulipoanza kuteremka kuelekea Naivasha. Pale kiazi hakikufaa. Ukungu ulikuwa nje na ndani, na barabara ilikuwa na bonde upande mmoja. Nikakumbuka maneno ya Mwakio. Nilipoona sioni, nilisimama.

Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha nailoni na miti, na mwanamke akiuza karoti, kabeji na viazi. Alitupungia mkono tuingie. Jina lake Wanjiru. Alimpa baba ndoo aikalie, akamfunika mabega kwa gunia safi.

"Mzee wako ako na baridi," akaniambia.

"Ndiyo, hajazoea."

"Mlioana kitambo?"

Ilinichukua muda kuelewa. Huko, mzee wako ni mume wako. "Ni babangu," nikasema, na Wanjiru akajifunika uso kwa mikono, akaomba radhi, kisha akatumiminia sote chai kutoka kwenye chupa yake.

Mvua haikuonyesha dalili ya kuacha. Nikiwa nimekaa na kile kikombe, nilikitazama kisanduku cha baba cha vyombo kilichokuwa kwenye kiti cha nyuma, na nikakumbuka jambo alilokuwa akiwaambia vijana wa bandani: kitaa kidogo cha testa ni kirongo, hudanganya. Hutosheka na kidogo. Waya unaweza kukatika nyuzi zote ukabaki uzi mmoja, na uzi huo mmoja utakiwasha kitaa, lakini hauwezi kuizungusha mota. Ukitaka kujua hali ya waya, uupe mzigo.

Nilivuta Pijo mpaka mdomo wake ukaingia chini ya nailoni, nikafungua boneti. Kisandukuni mlikuwa na globu kubwa ya taa ya mbele, na nyaya za akiba. Kwanza nilichukua umeme moja kwa moja kutoka betri nikaipa mota. Waipa zikaruka, zikafuta kioo mara moja kwa nguvu. Basi mota haikuwa imekufa. Nikaifunga globu nyaya mbili. Nilihitaji mtu wa kuishika.

"Baba, nishikie hii taa."

Akaja na gunia lake mabegani, akaishika.

Nilipima kwenye swichi: globu ikawaka nyeupe, baba akafumba macho. Nikapima mwisho wa waya, penye mota: globu ile ile ikawa nyekundu, hafifu, kama kaa linalozimika. Tatizo lilikuwa katikati. Niliupapasa ule waya kwa vidole, pole pole, mpaka pale unapopenya ukuta wa chuma kati ya injini na sisi tunapokaa. Mpira wa tundu ulikuwa umekwisha kwa uzee, na chuma kilikuwa kikiusaga waya miaka yote. Nje ganda lake lilionekana zima. Nilipoupinda ukalegea kama uzi wa mkeka. Nikalipasua ganda kwa kisu cha Wanjiru. Shaba ilikuwa imegeuka kijani kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani, na nyuzi zote zilikuwa unga isipokuwa moja.

Nikakata kile kipande, nikatia kipya, nikasokota, nikafunga tepu nyeusi, nikakizungushia mpira wa kandambili kuukuu alionipa Wanjiru ili chuma kisikile tena. Nikawasha. Waipa zikaenda, zikarudi, zikaenda. Wanjiru akapiga makofi.

Baba alikuwa bado ameshika globu. Aliangalia kazi yangu kwa makini, akaigusa tepu kwa kidole gumba.

"Nani aliyekufunza kazi hii?" akaniuliza.

"Babangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko Mombasa. Kibokoni."

"Hakukufunza vibaya," akasema. "Lakini mwambie akufunze na kulehemu. Waya wa kusokota haudumu."

"Nitamwambia."

Akanirudishia globu mkononi. Tuliendelea na safari, na mvua ikanyesha mpaka Gilgil, na kioo kilikuwa safi, na mimi sikuiona barabara vizuri kuliko nilipokuwa na kiazi.

Nakuru

Msikitini walituelekeza kwa Bwana Hamisi, mtu wa makamo anayeangalia makaburi. Nilimweleza kila kitu tukiwa pembeni. Alisikiliza, akasema wa miaka ile wako pembe ya chini, kuelekea ukuta. "Lakini yupi ni yupi, Mungu ndiye ajuaye. Vijiti vya alama vimeoza zamani."

Tulipofika kwenye lango akasita. "Utaniwia radhi, dada. Kwetu wanawake hawaingii."

"Hata kwetu," nikamwambia.

Na ni kweli, hata kwetu. Nililijua hilo maisha yangu yote. Njia nzima kutoka Mombasa nilijiona nimesimama pale na baba, namshika mkono, nikimwambia maneno niliyoyapanga. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mimi ni mwanamke.

Nilimtengenezea baba kofia yake. Bwana Hamisi akamshika mkono wakaingia. Nilibaki nimeshika vyuma vya lango. Niliwaona wakiteremka kati ya majani marefu, baba akiinua kanzu isilowe. Wakasimama. Bwana Hamisi alimwinamia akamwambia kitu, akaonyesha chini. Baba akatazama pale chini kwa muda mrefu. Kisha wote wawili wakainua mikono kuomba dua.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Nilikuwa na maji, nilikuwa na leso ya kumfunika, nilikuwa nimemwomba Wanjiru aniombee kwa namna yake. Nilitazama mabega yake nikingoja yatikisike.

Alirudi kwa hatua zake za kawaida. Alipotoka langoni alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama alivyomshika Kassim.

"Bwana huyu ameniambia mamako amelala humu," akasema. "Pole sana. Nimemwombea dua."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa mtu mzima?"

"La," nikasema. "Alikuwa kijana."

"Mungu amrehemu. Pole, mwanangu."

Hapo ndipo nilipolia. Sikuwa nimemlilia mamangu hata siku moja, maana sikumjua, na mtu hulilia amjuaye. Nililia nimeegemea lile lango, mtu mzima mwenye mvi, na baba akasimama na mimi. Hakuniacha. Alitoa kitambaa mfukoni mwake, akakikunjua, akanipa. Alinisemesha kwa upole wote ambao mtu humpa mfiwa asiyemjua, akaniambia nisijidhuru kwa machozi, kwamba dua ndiyo imfaayo maiti. Bwana Hamisi alikuwa amegeuka, anatazama barabara.

Nilipotulia, baba akakohoa kidogo, kama mtu anayeona haya kuleta shida yake kwenye shida ya mwenzake.

"Na mimi mke wangu yuko mji huu," akasema. "Zainabu. Nimekuja kumchukua. Wamjua alipo?"

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa kwenye ulimi. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umeoshwa na ile dua, hauna wasiwasi wowote.

"Ametangulia, baba," nikamwambia.

"Ametangulia?" Akafikiri. Kisha akatabasamu. "Hakuweza kungoja. Basi twende tumfuate."

Akafungua mlango wa gari mwenyewe akaketi.

Kibokoni

Kurudi kulikuwa kwepesi, na sikumbuki mengi. Hakuuliza kitu njiani. Alikula kila nilichompa. Mtito Andei Mutua alilehemu pale nilipokuwa nimesokota, na baba akasimama pembeni akiangalia moshi wa risasi iliyoyeyuka bila kutia mkono.

Shangazi Rehema alitupokea uwanjani. Baba aliingia nyumbani, akapita chumba kwa chumba, akachungulia jikoni, akapanda ghorofani akashuka. Kisha akavua kanzu yake ya safari akalala. Shangazi akaniuliza, "Alimwona?" Nikamweleza yote tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Hakusema, "Nilikwambia." Alinivutia kichwa changu kifuani pake kama nilipokuwa mdogo, tukakaa hivyo mpaka chai ya moto ikamwagikia jiko.

Mmeona wenyewe kwamba sasa haketi tena barazani na kikapu. Baadhi yenu mmenipa hongera, mkasema safari ilimfaa. Ni kweli, Zainabu hamtaji tena. Sijui alikomwacha, na sikumwuliza.

Sasa ananitafuta mimi. Hunitazama hapa mezani, nikiwa mbele yake, namtilia sukari kwenye chai, akaniuliza, "Swafiya yuwapi? Mtoto wangu mdogo, yuwapi?" Mara ya kwanza nilimwambia, "Ndiye mimi, baba." Alinitazama kwa adabu, akatazama mvi zangu, akageuza uso kama mtu aliyedanganywa na mtu aliyemwamini. Sikurudia tena. Sasa nikiulizwa husema, "Yuko chuoni asoma Kurani, karibu atarudi."

"Hajala," husema yeye. Kisha huchukua hamri moja katika sahani yake, huiweka kando, huifunika kwa kisahani cha kikombe, na kunikataza nisiiguse. "Hii ya Swafiya."

Akishatoka kwenda msikitini na jirani, mimi huketi kwenye kiti chake, nikafunua kisahani, nikaila yote.